Homa Irudiayo: Papasi na Kupe Katika Nyumba ya Askari

Askari wa polisi apewapo uhamisho kutoka mjini kwenda kituo cha mpakani, aghalabu hufika huko na mke, watoto, magodoro mawili na sanduku la vyombo, akakuta kwamba kota za matofali hazikutosha. Hupewa, au hujitafutia mwenyewe, nyumba ya udongo iliyoachwa na mtu aliyemtangulia. Nyumba hiyo si mbaya. Paa halivuji, ua umefagiwa, na kodi yake si kubwa. Sakafu ni ya udongo uliokandikwa, na kwa kuwa hapana aliyeikandika tena kwa muda mrefu, ina nyufa. Watoto hutandikiwa mkeka kando ya ukuta, wakalala.

Baada ya wiki moja hivi, mtoto mmojawapo huamka na homa kali. Kichwa chamuuma, viungo vyamuuma, na kila anachokula anakitapika. Mama humpeleka zahanati, akachomwa kidole, na kipimo cha haraka kikaonyesha kwamba hana malaria. Au pengine siku hiyo vipimo vimekwisha, naye akapewa dawa ya malaria vivyo hivyo. Siku ya tatu au ya nne homa hushuka kwa jasho jingi. Mtoto huomba chakula, na mama humshukuru Mungu na kuifua shuka. Wiki hupita. Kisha usiku mmoja homa hurudi kana kwamba haikuondoka kamwe.

Hapo jirani husema kwamba dawa ilikuwa hafifu. Bibi wa nyumba ya pili husema kwamba nyumba hiyo ina mambo yake. Bibi huyo yu karibu na ukweli kuliko jirani, kwani nyumba ina mambo yake kweli, na mambo hayo yamo ndani ya nyufa za sakafu.

Mdudu asiyeonekana mchana

Mdudu huyo ni papasi. Katika Kongo ya Mashariki watu wengi humwita kimputu. Ni ndugu wa kupe, bali hafanani sana na kupe anayejulikana na wafugaji. Kupe wa ng'ombe au wa mbwa ana ngozi ngumu, naye hung'ang'ania mwili kwa siku kadhaa hata akavimba kama punje ya mbarika. Papasi ana ngozi laini yenye makunyanzi, rangi ya udongo, na mkubwa wake hufikia urefu wa sentimita moja hivi. Akitazamwa kwa juu kichwa chake hakionekani, maana kimefichika chini ya mwili. Mtu aweza kumdhania kuwa ni kokoto au mbegu iliyonyauka, mpaka atakapotembea.

Mchana kutwa papasi hujificha ndani ya nyufa za sakafu, chini ya mkeka, penye kona za ukuta wa udongo na katika vumbi chini ya kitanda. Usiku, watu wakishalala, hutoka akamwendea aliye karibu, akafyonza damu kwa muda wa nusu saa hivi, kisha akarudi shimoni kwake. Aliyeumwa mara nyingi hasikii kitu. Asubuhi huona kialama chekundu kinachowasha, akakifikiria kuwa ni cha mbu au kunguni. Ndiyo sababu mgonjwa wa homa hii akiulizwa kama aliumwa na kupe hujibu kwamba hakuumwa, naye hasemi uongo. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: ulilala wapi wiki mbili zilizopita, na sakafu ya hapo ilikuwa ya namna gani?

Papasi ana uvumilivu wa ajabu. Aweza kukaa miaka kadhaa bila kula, akingoja. Nyumba iliyofungwa tangu mwaka juzi si salama kwa sababu tu ya kukaa tupu. Huenda ikawa na hatari zaidi, kwa maana waliomo ndani yake wana njaa. Wala mdudu huyu haruki, wala hatembei mwendo mrefu. Husafirishwa na binadamu mwenyewe, ndani ya mkeka uliokunjwa, ndani ya godoro, katika mashimo ya kitanda cha mbao na katika mizigo iliyokaa sakafuni usiku kucha.

Ndani ya mwili wa papasi, ingawa si wa kila papasi, hukaa vijidudu vyembamba sana vilivyojipinda kama springi. Hivyo ndivyo viletavyo homa. Huingia mwilini mwa mtu kwa mate ya papasi anapouma, na pia kwa majimaji anayoyatoa karibu na miguu yake akiwa anafyonza damu. Kwa hiyo hata kumkuna na kumponda papasi juu ya ngozi ni hatari.

Waliotangulia kuumwa

Ukanda huu wa Afrika una historia ndefu na maradhi haya, na sehemu kubwa ya elimu iliyopo juu yake ilipatikana hapa hapa. Mwaka 1904 madaktari Ross na Milne, waliokuwa wakifanya kazi Uganda, walitangaza kwamba homa hii huletwa na kupe. Wakati huo huo madaktari wawili kutoka Liverpool, Dutton na Todd, walikuwa wakichunguza jambo lile lile katika Kongo. Wote wawili walishikwa na homa hiyo. Todd alipona. Dutton alifariki dunia huko Kasongo, katika Maniema, mwezi Februari mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 30, na jina lake likapewa kijidudu alichokuwa akikichunguza.

Mwaka huo huo wa 1905 Robert Koch, daktari mashuhuri wa Kijerumani, alikuwa Tanganyika, nchi ambayo siku zile ilikuwa chini ya Wajerumani. Alikagua mabanda ya kulala wasafiri kando ya njia za misafara, akawakuta papasi wengi udongoni. Aliona pia kwamba vijidudu hupita kutoka kwa papasi jike hata ndani ya mayai yake. Maana yake ni nzito. Papasi mchanga aweza kuwa na ugonjwa kabla hajamwuma mtu yeyote, na nyumba yaweza kuwa na maradhi vizazi na vizazi vya papasi hata kama hapana mgonjwa aliyelala humo siku za karibuni.

Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 homa hii iliwasumbua askari na wapagazi waliolala katika kambi kuukuu za njiani. Kwa hiyo ni onyo la zamani katika majeshi ya Afrika Mashariki kwamba kikosi kisilale katika vibanda vilivyohamwa wala penye kambi ya jana, ijapokuwa mvua yatisha. Onyo hilo halijachakaa. Askari wa doria ambaye hana budi kulala katika kibanda kama hicho na alale juu ya kitanda cha safari au jukwaa la fito, mbali na ukuta, ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri pande zote.

Nyumba za saruji zilipoongezeka, na dawa za kuulia wadudu zilipoenea, ugonjwa ulipungua katika sehemu nyingi. Lakini haukwisha. Katika mikoa ya kati ya Tanzania, hasa Dodoma, umeendelea kujulikana vizuri hospitalini, na wanaoumia zaidi huko ni watoto wadogo na wanawake wenye mimba. Mama mjamzito akipatwa na homa hii aweza kuharibu mimba au kuzaa kabla ya wakati, na mtoto mchanga akizaliwa nayo huwa katika hatari kubwa ya kufa. Tena uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba huko Tanzania ya kati vijidudu hivyo vilipatikana hata katika damu ya kuku na nguruwe wa nyumbani. Mwenye kulaza kuku katika chumba wanamolala watoto, kwa kuogopa wezi, afadhali awajengee banda lao lenye kufuli.

Damu itazamwe kwa hadubini

Hapa ndipo pana jambo ambalo mzazi hana budi kulishika sawasawa. Siku hizi zahanati nyingi hupima malaria kwa kipimo kidogo cha plastiki ambacho hutoa jibu kwa muda wa robo saa. Ni kipimo kizuri, na kimeokoa watu wengi. Lakini kinatafuta malaria tu. Vijidudu vya homa ya papasi hakivioni, hata vikijaa katika damu. Zamani, damu ilipopakwa juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini kila mara, mpimaji aliyetafuta malaria alivikuta vijidudu hivi kwa bahati, vikijinyonganyonga kati ya chembe za damu. Kipimo cha haraka kimeiondoa bahati hiyo.

Kwa hiyo mtoto aliyekuwa na homa, ikashuka, ikarudi baada ya wiki, na kipimo kikasema hana malaria, asirudishwe nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu peke yake. Mama aombe, kwa adabu na bila woga, kwamba damu itazamwe kwa hadubini. Na aombe hivyo homa ikiwa juu, kwa sababu homa ikishashuka vijidudu hupungua mno katika damu na mpimaji aweza asivione. Kama zahanati haina hadubini, aulize kituo cha afya kilicho nayo. Aseme pia wazi kwamba familia imehamia nyumba ya udongo, au kwamba imetoka safari na kulala ugenini. Mganga hawezi kulijua jambo hilo kwa kumtazama mtoto machoni.

Maradhi yenyewe yanatibika, na dawa zake si ngeni. Zipo za jamii ya tetrasaiklini, na zipo penisilini na erithromaisini ambazo hutumiwa kwa wajawazito na watoto wadogo. Uchaguzi ni wa mganga, si wa muuza duka. Jambo moja lahitaji kuelezwa kwa sababu limewatisha wengi: saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa aweza kutetemeka sana, homa ikapanda kuliko kwanza, na msukumo wa damu ukashuka. Si kwamba amepewa sumu. Vijidudu vinakufa kwa wingi kwa mara moja, na mwili unapambana na mabaki yake. Hata hivyo hali hiyo yaweza kuwa ya hatari, hasa kwa mama mjamzito, na kwa hiyo dozi ya kwanza inywewe kituoni na mgonjwa abaki hapo chini ya uangalizi. Wako waliokimbia hospitali wakati huo wakiapa kwamba hawatarudi, wakaiacha dawa iliyokuwa inawaponya.

Nyumba itengenezwe

Kazi ya kumtoa papasi nyumbani ni ya jembe, udongo na maji kuliko ya dawa. Dawa iliyo bora kuliko zote ni sakafu ya saruji isiyo na ufa, na kuta zilizopigwa lipu mpaka chini. Lakini saruji ni ghali, na askari wa cheo cha chini anayeishi katika nyumba isiyo yake hatajenga sakafu ya mtu mwingine. Basi na aikandike ile iliyopo. Vyombo vyote vitolewe nje juani. Vumbi lote lifagiliwe na kuchomwa moto. Nyufa zichimbuliwe kidogo, zimwagiwe maji yanayochemka, kisha zizibwe kwa udongo mzito na sakafu nzima ikandikwe upya. Kazi hiyo yataka kurudiwa kila nyufa zinapotokea, kwa maana papasi haitaji mlango mkubwa.

Watoto wapandishwe kitandani. Hata kitanda cha fito, kilichosogezwa mbali na ukuta, ni bora kuliko mkeka mzuri ulio sakafuni. Shuka na blanketi zisiburure chini. Chandarua chenye dawa, kinachogawiwa kwa ajili ya malaria, husaidia hapa pia, mradi kimechomekwa chini ya godoro pande zote. Kama papasi wameenea katika kota nzima, shauri ni la kituo kizima, wala si la nyumba moja. Bwana afya aitwe ili apulizie dawa iliyoruhusiwa, nyumba zote kwa siku moja.

Yako makosa mawili ambayo hufanywa kwa nia njema. La kwanza ni kumwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe juu ya magodoro, au kumpaka nayo mtoto au mbwa wa nyumbani kwa kukisia kipimo. Dawa hizo ni sumu kwa binadamu, na mtoto aweza kuugua vibaya kwa kupakwa tu. La pili ni kumwachia mama peke yake kazi yote. Askari anayekagua bunduki yake kila jioni, akaona hata punje ya kutu, hashindwi kukagua nyufa za chumba anamolala mwanawe.

Kupe wa majani

Papasi amezungumzwa kwa kirefu kwa kuwa wengi hawamjui. Kupe wa kawaida, wa majanini na malishoni, anajulikana na kila mtu, na pengine ndiyo sababu hutendewa kwa ujinga mwingi zaidi.

Wafugaji wanamwogopa kwa ajili ya ndigana kali, ambayo huua ndama. Ndigana hiyo haimshiki mtu. Lakini yako maradhi mengine ya kupe yanayomshika. Moja ni homa ambayo huanza siku chache baada ya kuumwa, pamoja na maumivu ya kichwa, tezi zilizovimba, na kidonda kidogo chenye gamba jeusi pale kupe alipouma. Askari atokaye doria akiona gamba jeusi kama hilo kwenye paja au chini ya mkanda, amwonyeshe mganga badala ya kulibandua. Hutibika upesi.

La pili ni zito zaidi, nalo ni homa ya Crimea na Kongo. Jina hilo lina habari yake. Mwaka 1944, katika rasi ya Crimea, askari wa Kisovieti wapatao 200 waliopelekwa kuwasaidia wakulima kuvuna walishikwa na homa ya kutokwa damu. Mwaka 1956 virusi vilipatikana katika damu ya mgonjwa huko Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Baadaye ikadhihirika kwamba maradhi hayo mawili ni mamoja. Katika Uganda yalithibitishwa mwaka 2013 huko Agago, na tangu hapo yameonekana mara kadhaa katika wilaya za wafugaji, Nakaseke ikiwa mojawapo. Huletwa na kupe, na pia na damu ya mnyama aliyechinjwa, hata kama mnyama huyo alionekana mzima kabisa. Kisha huweza kupita kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa anayemuuguza kwa kugusa damu yake. Mtu aliyewashika ng'ombe au kupe, akapatwa na homa ya ghafula na kutokwa damu puani au kwenye fizi, apelekwe hospitali mara moja. Wanaomhudumia wasiguse damu yake kwa mikono mitupu. Asipewe aspirini, kwa maana huzidisha kutoka damu.

Ndiyo maana ile desturi ya watoto kumbandua mbwa kupe na kuwapasua kwa kucha, ambayo wazazi huitazama kama mchezo, haina budi kukomeshwa. Kadhalika mwenye kukamua kupe wa ng'ombe kwa vidole avae mifuko ya mpira.

Kupe akionekana amemng'ang'ania mtoto, kibano chembamba kinatosha. Kupe ashikwe karibu kabisa na ngozi, kichwani na si tumboni, avutwe moja kwa moja kwa nguvu ya polepole, bila kunyongwa wala kukatwa. Asichomwe kwa sigara, wala kupakwa mafuta ya taa au vaselini. Mambo hayo humfanya atapike ndani ya kidonda yale yale yanayoogopwa, mbali na kumwunguza mtoto. Kikibaki kipande kidogo cha mdomo wake ngozini, kisichokolewe kwa sindano. Ngozi itakitoa yenyewe. Mahali hapo paoshwe kwa sabuni, na mikono pia. Kupe atiwe ndani ya chupa yenye spiriti. Kisha tarehe iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, ili homa ikitokea katika wiki mbili au tatu zifuatazo mganga apewe siku yenyewe na si makisio.

Wakati wa kuwatafuta kupe ni jioni, kabla ya kuoga. Hupenda mahali pa joto palipojificha: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, penye mkanda, na kwa wasichana katikati ya nywele zilizosukwa. Askari arudiye kutoka porini achomeke suruali ndani ya soksi tangu anapoondoka, na sare aitundike nje, si juu ya kitanda cha watoto. Mbwa wa kituo naye akaguliwe masikio na katikati ya vidole, na asilale jikoni.

Na siku ya uhamisho ifikapo tena, kabla lori halijaja, mikeka ikunjuliwe juani na kupigwa fimbo pande zote mbili, kitanda kifunguliwe na mashimo yake yamwagiwe maji ya moto, na sanduku liinuliwe na kutazamwa chini. Familia itakayoingia katika nyumba ile iambiwe pia habari za nyufa, na wapi zilizibwa.